Postikadi za Vyombo vya Bahari, na Watu wa Handeni Wasioonekana Ndani Yake



Katika nyumba nyingi za visiwani, ukifungua kasha la bibi utakuta, baina ya hati za shamba na vyeti vya ndoa, postikadi mbili tatu za zamani. Jahazi limetweka tanga mbele ya Forodhani. Meli ya moshi imetia nanga, na mashua zimeizunguka. Siku hizi kadi hizi zinatafutwa sana. Wako wanaozinunua katika maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, na wako jamaa zetu walioko Maskati, London na kwengineko wanaozipata mitandaoni na kuzirejesha nyumbani.

Leo tuzungumze juu ya kadi hizi za vyombo: namna ya kuzisoma, na jambo moja ambalo kadi zenyewe hazilisemi. Ili tulifahamu jambo hilo itabidi tuiache pwani kidogo, twende Korogwe na Handeni, sehemu za Mkoa wa Tanga ambazo hazina bahari kabisa.

Kwa nini vyombo

Postikadi ilianza Austria tarehe 1 Oktoba 1869, na wakati huo ilikuwa kadi tupu isiyokuwa na picha. Mwishoni mwa karne ya 19 kadi za picha zikaenea duniani. Unguja walikuwepo wapigapicha wenye asili ya Goa, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliouza kadi kwa wageni. Abiria wa meli alishuka kwa saa chache, akazunguka mjini, akanunua kadi, akaandika maneno machache na kuitia posta kabla ya meli kung'oa nanga.

Wageni walipenda vitu vitatu: majumba, vyombo na wanawake. Hizi kadi za wanawake tunawashauri dada zetu wazitazame kwa uangalifu mkubwa. Nyingi hazina jina la mwanamke, zimeandikwa kabila lake tu, na nyengine zimempiga picha akiwa katika hali ambayo hakuna hata mmoja wetu angependa mama yake aonekane nayo. Yule ni bibi wa mtu. Stara yake ni amana juu yetu hata ikipita miaka 100, na si lazima kila kilichochapishwa zamani tukisambaze tena. Ndiyo maana tunapendelea vyombo. Jahazi halioni haya, na lina mengi ya kutufundisha.

Namna ya kuisoma kadi

Anza na upande wa nyuma. Kadi za mwanzo hazikuruhusu ujumbe upande wa anwani, kwa hivyo mwandishi alijibana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe mara mbili, nusu ya ujumbe na nusu ya anwani, mwaka 1902. Ujerumani ikafuata mwaka 1905. Basi ukiona mstari katikati ya upande wa nyuma, kadi hiyo haiwezi kuwa ya karne ya 19, hata muuzaji akiapa.

Kisha tazama bahari yenyewe. Katika baadhi ya picha za bandari ya Unguja utaona milingoti mitupu imechomoza majini mbele ya Beit al-Ajaib. Hiyo ni milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika hata saa moja. Mabaki yake yaliondoshwa mwaka 1912. Picha yenye milingoti ile ilipigwa baina ya miaka hiyo miwili.

Mwisho kitambue chombo. Ngalawa utaijua kwa matengo yake ya pembeni. Bumu la Waarabu limechongoka mbele na nyuma. Jahazi letu lina omo iliyosimama wima. Na ukibahatika kuona chombo chenye tanga la mkeka la pembe nne, ambacho mbao zake zimeshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, huo ni mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho leo hakisafiri tena. Kadi ya mtepe usiiuze kwa pupa.

Meli iliyofika Korogwe

Sasa igeuze tena kadi, utazame stempu. Kuanzia mwaka 1901, stempu za koloni la Wajerumani huku kwetu zilikuwa na picha moja: meli Hohenzollern, chombo cha fahari cha Kaiser Wilhelm wa Pili. Bei ndiyo iliyotofautiana, kwanza kwa pesa na rupia, na kuanzia 1905 kwa heller. Ndiyo hiyo heller tuliyoigeuza kuwa "hela", na mpaka leo tunaitafuta kila mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo kadi iliyopigwa muhuri wa Korogwe, hata kama picha yake ni ya mlima au ya stesheni, ilibeba meli juu yake. Watu ambao pengine hawakuwahi kuiona bahari walipitisha mikononi mwao picha ya meli ya mfalme wa mbali.

Meli hiyo ndogo ya kwenye stempu ilisema kweli bila ya kukusudia, kwani Korogwe ilikuwa imefungwa kwenye bahari kwa chuma. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, na Moshi 1911. Mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, unapita Korogwe na kuishia baharini, lakini maporomoko yake hayapitishi chombo. Reli ndiyo iliyofanya kazi ambayo mto ulishindwa kuifanya.

Na reli ilibeba nini? Zaidi ya yote, mkonge. Mkonge wenyewe ulikuja kwa meli. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche ile 62 yakatoka mashamba yaliyolijaza bonde lote la Korogwe. Nyuzi zikafungwa marobota, zikashuka Tanga kwa treni, zikapakiwa melini, na huko Ulaya zikasokotwa kamba, nyengine zikarudi kutumika katika meli zile zile.

Tunapoiona kadi ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890, tunaona bomba la moshi na bendera. Hatumwoni manamba, mfanyakazi aliyetolewa mbali na kwao, ambaye yeye pia alikuwa na kadi yake. Kadi yake iliitwa kipande: siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama, na kipande kisipojaa hapati mshahara wake kamili. Abiria alikuwa na kadi ya kupelekea salamu, na manamba alikuwa na kadi ya kuhesabia jasho. Ya kwanza inauzwa leo kwa bei kubwa. Ya pili ni adimu kuionekana.

Chombo kilichowachukua Wazigua

Kutoka Korogwe tuelekee kusini, Handeni, nchi ya Wazigua. Hapa ndipo penye neno zito, na tunalisema kwa heshima.

Katika karne ya 19, yapata miaka ya 1830 na kuendelea, ukame na njaa kali viliipiga nchi ya Uzigua. Watu walijiweka rehani ili wapate chakula. Masimulizi ya wazee wao yanaeleza kwamba wengine waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakateremka pwani, wakapandishwa vyomboni, na walipofika walijikuta wameuzwa. Wengi walipelekwa pwani ya Wasomali, kulima mashamba ya watu.

Kadi hazikuiona safari hiyo. Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Postikadi za picha zilikuja miaka mingi baadaye. Kamera ya muuza kadi ilipofika bandarini, majahazi yalikuwa yanapakia karafuu, nazi, boriti na papa mkavu. Ikawa rahisi kwa mtazamaji kudhani kwamba tanga lile jeupe halijawahi kubeba kitu chengine.

Lakini Wazigua waliopelekwa kule hawakusahau. Wazao wao wanamsimulia mwanamke aitwaye Wanankhucha, aliyewaongoza watu wake kutoroka utumwani. Dada zetu, tulitazame hilo: katika historia ambayo vitabu vingi hutaja masultani, makonsuli na wafanyabiashara, jamaa hawa wamelihifadhi jina la mwanamke kwa vinywa tu, kizazi baada ya kizazi. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Walifika Mto Juba, na huko wakaweka makazi yao. Wakalima, wakaoana, wengi wakawa Waislamu, na Kizigua wakaendelea kukisema nyumbani.

Mwaka 1991 dola ya Somalia iliposambaratika, vita vikawakuta. Wako waliokimbilia kambi za Kenya, na kuanzia 2003 wengi katika kundi lao kubwa walipelekwa Marekani. Na wako waliokuja Tanzania wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, humo humo wilayani, wakapewa ardhi ya kulima, na baadaye wengi wakapewa uraia. Baada ya zaidi ya miaka 150, wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa chombo walirejea katika nchi ya babu zao, wakakuta wenyeji wanaifahamu lugha yao.

SubhanAllah. Hakuna kadi ya safari hiyo ya kurudi.

Kutoa ushahidi

Huenda mmoja wetu akauliza: sisi wapenda vitu vizuri vya zamani, yatuhusu nini haya? Yanatuhusu kwa sababu vyombo vile vilikuwa vya pwani yetu, na baadhi ya bandari zile ni zetu. Qur'ani, katika aya ya 164 ya Suratul Baqarah, inaitaja jahazi inayopita baharini miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na manufaa yanayowafikia watu kwayo. Chombo ni neema. Binadamu ndiye anayekitia dhulma. Na aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tusimamie haki na tuwe mashahidi, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu.

Mwenye kukusanya kadi ni shahidi wa namna yake. Akiweka picha nzuri peke yake, ushahidi wake una pengo. Akiweka na habari zake, ametimiza. Kusema kweli juu ya bahari yetu hakuwavunjii heshima manahodha na mafundi waliotafuta riziki ya halali juu ya maji, kwani wao ndio wengi. Kunawarejeshea heshima wale waliokuwa chini ya sitaha.

Kwa hivyo, dada mwenye kadi, tunakushauri mambo haya:

1. Usiibandue stempu, na usiibandike kadi kwa gundi. Tumia pembe za karatasi katika albamu, na iweke mbali na jua na unyevu. Masika yetu hayana huruma na karatasi.

2. Piga picha pande zote mbili. Maneno ya nyuma na muhuri wa posta aghlabu yana faida kuliko picha ya mbele.

3. Usiandike juu ya kadi. Weka kipande cha karatasi pembeni yake, uandike aina ya chombo, bandari, mwaka unaoukisia na sababu ya kuukisia. Kisha ongeza swali moja: chombo hiki kilibeba nini, na kilikitoa wapi? Kadi ya meli Tanga iandikie Korogwe. Kadi ya jahazi iandikie Handeni.

4. Waulize wazee wangali hai. Bibi anayejua tofauti ya tezi na omo, au aliyesafiri kwa Kampala au Karanja kutoka Bombay, ana maelezo ambayo hakuna kadi inayoyabeba. Muulize kwa adabu, umsikilize mpaka mwisho.

5. Ukiweza, peleka nakala Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kadi yako ibaki kwako, na habari yake iwafikie na wengine.

Na ukipata safari ya Bara, ukipanda basi la kwenda Moshi, ukasikia kondakta anaita Korogwe, tazama nje. Utaona mashamba ya mkonge yamejipanga mistari mpaka upeo wa macho, na barabara ya kwenda Handeni haiko mbali. Hutaona tanga hata moja, lakini umeshafika mahali ambapo safari nyingi za kadi zako zilianzia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wenye majina na wasiokuwa na majina, waliofika bandarini na waliobaki baharini. Atujaalie kuwa wenye kuhifadhi amana na wenye kusema kweli. Aamin.

Wabillahi tawfiq.