Kombi ni gari, ni nyumba, ama ni kuku?

Leo tuweke kando mambo ya programu kidogo, ingawa najua tutayarudia hatua chache mbele. Yeyote aliyewahi kutengeneza hifadhidata anakijua kile kisanduku kinachoitwa "aina". Unakipanga siku ya kwanza bila kufikiri sana: gari la abiria, gari la mizigo, basi, pikipiki. Kisha anakuja mtu na kitu ambacho hakiingii popote. Nimekuwa nikisoma historia ya watu waliogeuza gari la mizigo kuwa nyumba, wakalala na kupika humo mwaka mzima huku wakitembea, na kila ninapochimba nakutana na kisanduku hicho hicho.

Tuanzie Wolfsburg, Ujerumani. Baada ya vita kiwanda cha Volkswagen kilikuwa mikononi mwa jeshi la Waingereza. Ben Pon, mfanyabiashara wa magari kutoka Uholanzi, alikwenda huko kutafuta magari ya kuuza, akaona mikokoteni yenye injini ambayo ilikuwa imeundwa kwa vyuma vya Beetle ili kusombea vipuri ndani ya kiwanda. Tarehe 23 Aprili 1947 akachora kwenye daftari lake mistari michache tu: sanduku juu ya magurudumu, dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, mzigo katikati. Machi 1950 gari hilo likaanza kutengenezwa. Kiwandani liliitwa Type 2, yaani Aina ya Pili, kwa sababu Beetle ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ona, hata jina lenyewe ni kisanduku! Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 25. Kwa nguvu hizo sijui kama ungependa kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu ukiwa na kitanda, jiko na familia nyuma.

Mojawapo ya matoleo ya gari hilo lilikuwa na madirisha na viti vya nyuma vinavyotolewa. Wajerumani waliliita kwa neno refu lenye maana ya gari la matumizi mchanganyiko, wakalifupisha kuwa Kombi. Sisi tuliliokota neno hilo na kulifanya la kwetu, na leo mtu akiita Toyota kombi hakuna anayeshtuka. Lakini maana yake ya mwanzo ndiyo hiyo: gari ambalo halijaamua ni la aina gani.

Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia, mafundi wa mabehewa na matela kutoka mji wa Wiedenbrück, wakaja na kitu kilichoitwa Camping Box. Hapa ndipo roho yangu ya mtengenezaji programu inapofurahi. Hawakuligeuza gari. Walitengeneza fanicha inayoingia na kutoka: benchi linalokunjuliwa kuwa kitanda, kabati, meza, mahali pa jiko dogo. Jumatatu hadi Ijumaa fundi anabeba mabomba na rangi, Jumamosi anasukumiza sanduku ndani na kwenda ziwani na watoto. Gari halijui kuna nini ndani yake, na sanduku halijali gari linaendaje. Sisi tulikuja kujifunza kuandika moduli za namna hiyo miaka mingi baadaye, na bado tunakosea. Baadaye likaja paa la kuinuka ili mtu aweze kusimama wima akipika. Wakenya tunalijua paa la namna hiyo kwenye magari ya watalii, ila letu huinuliwa ili mgeni amwone simba, si ili apike uji.

Sasa serikali ziingie. Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 ilitoza kodi ya mauzo kwenye gari la abiria, lakini si kwenye gari la mizigo. Ukitoboa madirisha ubavuni mwa gari la mizigo, limekuwa la abiria, lipa. Ila ukilijaza kitanda, kabati na mahali pa kupikia, limekuwa nyumba ya kutembea, nayo haikutozwa. Kodi hiyo iliondolewa 1973 ilipoingia VAT, lakini kufikia hapo mafundi wengi wa mbao walikuwa wameshapata riziki kwa miaka mingi kutokana na mstari mmoja wa sheria. Watu husimulia habari za uhuru na barabara ndefu. Mimi naona pia karatasi ya kodi.

Marekani ndiko ilikokuwa kichekesho. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku wa Marekani. Wamarekani walikasirika, na Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwenye vitu vya Ulaya, yakiwemo magari madogo ya mizigo. Ndiyo, kuku! Volkswagen ya mizigo ikakwama. Lakini ile yenye viti, ama yenye kitanda na kabati, haikuhesabiwa kuwa ya mizigo, ikapita. Chuma kile kile, injini ile ile, isipokuwa mbao chache ndani.

Mchezo huo uliendelea hadi juzi. Kuanzia 2009 Ford iliingiza Marekani magari ya Transit Connect kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma, yakavuka forodha kama ya abiria, kisha viti vikang'olewa na gari kuuzwa kama la mizigo. Kesi ilivutana miaka, na Machi 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365. Westfalia walitia fanicha ili gari liwe nyumba, hawa wakatoa viti ili liwe mzigo.

Lakini kulala garini wikendi mbili ni jambo moja, na kuishi humo ni lingine. Anayeishi humo lazima afanye kazi humo. Mtu wa kukumbukwa hapa hakuwa na gari hata kidogo: Steven Roberts, mhandisi wa Marekani, aliondoka Columbus, Ohio mwaka 1983 kwa baiskeli, na tarakilishi ndogo ya Radio Shack Model 100. Aliandika makala akiwa njiani na kuyatuma kwa CompuServe kupitia simu za vibandani. Kilichombana ni kile kile kinachombana aliye na kombi leo, yaani umeme na mawasiliano. Piga hesabu mwenyewe. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na ukitaka iishi unatumia nusu tu. Laptopu ya wati 60 kwa saa 8 ni wati-saa 480. Hapo friji bado. Betri za lithiamu zinazokubali kutumiwa karibu zote, pamoja na paneli za sola za bei nafuu, ndizo zilizofanya kombi kuwa ofisi. Kwa upande wa intaneti, Starlink ilipofika Kenya Julai 2023 hata Turkana ikawa mahali pa kufanyia kazi.

Kuna wengine ambao hawakuanza na mchoro wa sola. Baada ya mporomoko wa nyumba wa 2008 Wamarekani wengi wenye umri mkubwa walihamia garini kwa kukosa kodi ya nyumba, wakafuata vibarua vya msimu kwenye maghala na mashamba. Jessica Bruder aliandika habari zao katika Nomadland, 2017. Gari ni lile lile, kitanda ni kile kile, ila kwao kisanduku cha "aina" kinajazwa na askari.

Los Angeles ilikuwa na sheria ya 1983 iliyokataza kutumia gari kama makazi. Juni 2014 mahakama ya rufaa iliitupa kwa sababu haikueleweka: blanketi kwenye kiti, chakula, nguo za kubadilisha, je, hayo ni makazi? Kwa maneno yale hata mtu anayetoka kupiga kambi na familia yake angeweza kukamatwa. Mwishoni mwa 2016 baraza la jiji likaandika upya. Safari hii halikujaribu kueleza nyumba ni nini, lilipanga tu saa na mahali: kwenye mitaa ya makazi, hakuna kuishi garini kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi.