Biashara ya ng'ombe kutoka Somalia hadi Garissa

WAKAZI wengi wa Nairobi na Mombasa hununua nyama buchani bila kujua kwamba huenda ng'ombe aliyechinjwa alizaliwa Somalia, akaswagwa nyikani kwa siku nyingi, kisha akapakiwa kwenye lori mjini Garissa. Biashara hii haitegemei benki wala mikataba ya maandishi. Nguzo yake ni uaminifu, na nguzo hiyo inapotikiswa na vita, maradhi au amri ya serikali, mfugaji ndiye huumia zaidi.

Njia ya ng'ombe ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Eneo la Jubaland, uliko mji wa Afmadow, lilikuwa sehemu ya koloni la Kenya hadi mwaka wa 1925, Uingereza ilipolikabidhi Italia. Mstari ukapita katikati ya malisho na kuziacha koo za Kisomali pande zote mbili. Isitoshe, wakoloni waliweka karantini kali ili mifugo wa kaskazini wasifike kwenye mashamba ya walowezi.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, ilitarajiwa kwamba biashara nayo ingeporomoka. Mambo yalikwenda kinyume. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Peter Little, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 2003 kuhusu uchumi wa Somalia bila dola kwamba idadi ya ng'ombe waliovushwa kuingia Kenya iliongezeka. Soko la Mogadishu lilikuwa limevurugwa na vita, ilhali miji ya Kenya ilizidi kupanuka na kuhitaji nyama.

Mfanyabiashara wa mifugo ndiye koboi wa zama hizi, ingawa hana farasi, na silaha yake kuu ni simu ya mkononi. Hukusanya ng'ombe Afmadow na viungani mwake, mara nyingi kwa mkopo, akiahidi kuwalipa wenyewe baada ya mauzo. Kabla ya kuondoa kundi huuliza bei ya Garissa, hali ya visima na usalama wa njia. Kisha huwakabidhi ng'ombe waswagaji, vijana waijuao nyika, ambao hutembea nao zaidi ya kilomita 200. Njiani kuna kiu, fisi, simba na majambazi. Fauka ya hayo, kundi la Al-Shabaab hutoza wafugaji mifugo na fedha kwa jina la zaka.

Mjini Garissa, kundi hupokewa na dalali, ambaye Wasomali humwita dilaal. Huyu si mpatanishi wa bei tu. Ndiye shahidi kwamba muuzaji anajulikana na kwamba mnyama si wa wizi. Tatizo likizuka baadaye, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa desturi, bei hupatanwa kwa kushikana mikono chini ya kitambaa, vidole vikitaja kiasi pasipo mpita njia kujua. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko hili, daftari ni kumbukumbu ya watu, na anayevunja ahadi hapati tena wa kumkopesha.

Malipo yakikamilika, fedha hurudi Somalia kwa hawala. Wakala wa Garissa au mtaa wa Eastleigh, Nairobi, hupokea pesa, na mwenzake ng'ambo hulipa kiasi hicho. Ng'ombe nao hupelekwa vichinjioni, au kwenye ranchi za Pwani wanenepeshwe kwanza.

Hata hivyo, uaminifu hauwezi kuzuia kila balaa. Mwishoni mwa mwaka wa 2006, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini Kenya, na uuzaji wa mifugo ukapigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika. Januari 2007, Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia kwa sababu za kiusalama. Baadaye misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kati ya 2020 na 2022, na mamilioni ya mifugo wakafa katika Pembe ya Afrika.

Kufungwa kwa mpaka hakukuwazuia ng'ombe kuvuka. Walipita vichochoroni bila kukaguliwa na daktari wa mifugo, na kila hatari mpya ilipunguza bei ambayo mfanyabiashara aliweza kumpa mfugaji. Aliyetoa ng'ombe wake kwa mkopo ndiye aliyengoja kwa muda mrefu zaidi, na kundi lilipoangamia njiani, huenda hakulipwa kamwe.

Mei 2023 ilitangazwa kwamba mpaka ungefunguliwa kwa awamu, lakini mnamo Julai mpango huo ukaahirishwa kufuatia mashambulizi nchini Kenya. Machi 2024, Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mfugaji wa Afmadow, uanachama huo utakuwa na maana iwapo utaleta visima njiani, chanjo, na kituo cha ukaguzi ambapo ng'ombe anaweza kuvuka mchana peupe akiwa na cheti.