Papi Amegoma Kula? Soma Hii Kabla Useme Ni Maringo

Wacha nianze na ukweli mchungu: papi wangu wa kwanza alikufa nikidhani anajifanya.

Nilimtoa kwa msee flani alikuwa anauza watoto wa mbwa kando ya barabara. Wiki sita hivi, manyoya safi, macho kubwa. Nikaambiwa amechanjwa, kadi "italetwa". Siku ya nne akanusa dishi akaenda kulala. Nikasema huyu alizoea nyama, acha njaa imfunze adabu. Kesho yake bado. Usiku akaanza kutapika na kuhara damu. Asubuhi nikampakia boda tukaenda kwa daktari wa mifugo, lakini tulikuwa tumechelewa. Ilikuwa parvo.

Wa pili anaitwa Kaduda, na yeye pia aligoma kula. Yake ilikuwa maringo ya ukweli. So nimeona pande zote mbili, na hii stori naiandika ju sitaki ujifunze vile nilijifunza. Kabla utafute njia ya kumfanya adishi, lazima ujue ni kwa nini hadishi.

Kwanza: ni mgonjwa ama ni maringo?

Papi mwenye maringo anaacha dishi lakini bado ni yeye. Anakukimbiza, anatafuna slipa, anabweka akisikia geti. Mgonjwa anabadilika. Cheki hizi vitu tano:

- Nguvu: Ukimwita anakuja, ama anakuangalia tu akiwa amelala?
- Fizi: Inua mdomo. Fizi zinafaa kuwa pinki na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, za manjano ama kavu, hiyo ni ngori.
- Tumbo: Anatapika? Anahara? Kuna damu? Tumbo limefura kama ngoma na mbavu ziko nje?
- Maji: Anakunywa? Akikunywa, yanakaa ama anayatapika?
- Ngozi: Vuta ngozi ya mgongoni kidogo uachilie. Irudi chap. Ikibaki imesimama, ameishiwa na maji mwilini.

Ukiona moja tu ya hizi iko mbaya, wacha kusoma, enda kwa daktari. Usingoje kesho.

Kama zote ziko fiti na ameruka mlo mmoja, tulia umchunge. Lakini papi akimaliza masaa 24 bila kugusa chochote, hata kama anacheza, apelekwe. Na kama ni wale wadogo kabisa, Chihuahua na Maltese, ama papi yeyote chini ya miezi mitatu, usingoje siku mzima. Hao sukari inashuka haraka kwa damu. Anaanza kutetemeka, anatembea kama mlevi, anazimia. Ikitokea, mpake asali ama glukosi kidogo kwa fizi, usimwagie kwa koo, halafu mbio kwa daktari.

Magonjwa yanayojificha nyuma ya "hataki kula"

Parvo ndio mbaya zaidi. Ni virusi vinavyoshambulia utumbo, na vinapenda papi wa kati ya wiki sita na miezi sita. Hakuna dawa ya kuua hivyo virusi vyenyewe. Daktari anamshikilia papi kwa dripu na dawa za kuzuia kutapika mpaka mwili wake upigane. Ukimpeleka mapema ako na nafasi poa. Ukikaa siku mbili kama mimi, nafasi inapotea.

Noma nyingine ni kwamba hivyo virusi vinaweza kukaa kwa mchanga na sakafu hata mwaka mzima. Kabla Kaduda aingie kwangu nilisugua sakafu na sabuni kwanza, halafu jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, nikaiacha dakika kumi kabla kusuuza. Blanketi ya zamani na sahani nikatupa. Na Kaduda akamaliza chanjo kwanza ndio akaletwa.

Kupe pia. Ugonjwa wa kupe unamaliza damu, joto linapanda, fizi zinakuwa nyeupe na hamu ya kula inaisha. Pitisha vidole ndani ya maskio, katikati ya vidole vya miguu na chini ya mkia.

Minyoo ni kawaida sana, papi wengi wanazaliwa nayo. Dawa inaanzia wiki ya pili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita.

Kuna sababu zingine zisizotisha. Meno ya utoto 28 yanang'oka kuanzia mwezi wa nne ndio yale 42 ya ukubwa yatokee, na fizi zinauma, so dishi ngumu inamshinda. Siku ya chanjo anaweza kukosa hamu, kesho yake anarudi sawa. Na papi akitolewa kwa mamake, siku ya kwanza na ya pili anaweza kula kidogo ju ya woga. Hata wewe ukihamishwa usiku mmoja kwa keja ya watu hujui, hutamaliza sahani.

Sasa maringo: nani alimfunza?

Hapa wacha niseme pole pole. Ni sisi.

Kaduda alipoland, nilimwekea ugali na omena. Akanusa, akaenda. Moyo ukanidunda nikikumbuka yule wa kwanza. Nikamkatia soseji juu. Akatoa soseji zote, ugali akaacha. Kesho yake akakaa mbele ya sahani akiniangalia, akingoja soseji. Nikaongeza. Siku ya tano alikuwa anakataa soseji, anataka smokie.

Daktari alimpima, akasema huyu ni mzima kabisa, akauliza swali moja: "Nani mwingine anamlisha?" Nikasema hakuna. Nikarudi ploti nikauliza. Dada wa juu alikuwa anamrushia chapo kila asubuhi. Soja wa geti anamgawia githeri. Mtoi wa keateka anampelekea mandazi akitoka shule.

Kaduda hakuwa anakataa kula. Alikuwa anakula kwa nyumba nne, kwangu ndio alikuwa anakuja kuchagua.

Mbwa si mjinga. Akigoma na wewe ukaleta kitu tamu zaidi, umemfunza kwamba kugoma kunalipa.

Mpango wa wiki moja

Hii ni ya papi ambaye daktari amesema ni mzima. Usiijaribu kwa mgonjwa ama kwa kale kadogo kanashuka sukari.

1. Weka masaa. Papi wa miezi miwili hadi mitatu ale mara nne kwa siku. Miezi mitatu hadi sita, mara tatu. Kutoka miezi sita, mara mbili. Masaa yawe yale yale kila siku, ndio tumbo lizoee.

2. Dakika 20 tu. Weka sahani, enda zako. Usimbembeleze, usimshike kichwa, usimlishe na mkono kama mtoto. Dakika 20 zikiisha, toa sahani hata kama hajagusa. Ngoja saa ya mlo unaofuata.

3. Katikati hakuna kitu. Hakuna mfupa, hakuna biskuti, hakuna "kidogo tu". Maji ndio yakae hapo saa zote. Vitu vya kumzawadi ukimfunza vikirudi baadaye, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

4. Ongea na mtaa. Hii ndio ngumu. Mimi nilizunguka mlango kwa mlango. Soja nilimwambia, "Mzee, huyu akikula kwako kwangu hakui." Akaelewa. Mtoi nilimpea kazi: yeye ndiye anaweka sahani ya jioni. Mandazi ziliisha siku hiyo hiyo.

5. Pasha dishi kidogo. Mbwa anakula na pua. Dishi baridi haina harufu. Weka maji ya vuguvugu ama mchuzi wa mifupa, bila chumvi, bila kitunguu, bila roiko. Isiwe moto, iwe kama mkono wako.

6. Angalia sahani na mahali. Kuna papi wanaogopa bakuli ya chuma ikigonga sakafu, ama hawawezi kula kando ya mlango watu wakipita. Mpelekee kona iliyotulia, sahani pana, na kama kuna mbwa mwingine, kila mmoja na yake, mbali mbali.

7. Achoke kwanza. Mchezeshe dakika kumi, apumzike kidogo, halafu dishi. Papi ameshinda amefungwa kwa balcony hana sababu ya kusikia njaa.

8. Usibadilishe dishi ghafla. Uliza aliyekuuzia alikuwa anakula nini, uanze na hiyo. Kubadilisha kuchukue siku saba: kwanza robo mpya, halafu nusu, halafu robo tatu, halafu yote. Ukiruka hizo hatua atahara, na utaanza tena kujiuliza kama ni parvo.

Kaduda aligoma milo miwili. Wa tatu alikula nusu akiwa amekasirika. Siku ya tatu alilamba sahani.

Dishi yenyewe, bila kumaliza ganji

Kama unanunua ile kavu ya pakiti, chukua iliyoandikwa ya papi, si ya mbwa mkubwa. Ilainishe na maji ya vuguvugu dakika kumi.

Kama unapika, ugali ama wali pekee haijengi mbwa. Angalau theluthi moja ya sahani iwe protini: omena, mayai yaliyoiva, matumbo, maini kidogo, nyama ya kichwa. Omena ioshe mara kadhaa itoe mchanga na chumvi, chemsha, halafu ponda. Ongeza karoti ama malenge iliyochemshwa. Na usiende upande ule mwingine ukampea nyama tupu, ju nyama haina kalisiamu ya kutosha, na papi anayekua haraka, kama German Shepherd, mifupa yake inapinda. Uliza daktari akuambie madini ya kuongeza.

Cheki unga wako. Mahindi yenye ukungu yana sumu ya aflatoksini, ile iliyoua watu 125 huku Ukambani na maeneo jirani mwaka wa 2004. Inaharibu ini la mbwa vile vile, na dalili ya kwanza mara nyingi ni kukataa kula. Unga umebadilika harufu ama umeshikana mabonge, usiseme "hii ni ya mbwa". Tupa.

Na pika kila kitu kutoka bucha. Mapafu na maini mabichi yanaweza kuwa na vifuko vya mnyoo mdogo ambao ukiingia kwa mbwa, mayai yake yanatoka na kinyesi, yanaingia kwa binadamu na kuota uvimbe wa maji kwa ini. Turkana wanaujua huo ugonjwa vizuri. Wewe na watoi wa ploti mnamshika huyo papi kila siku.

Hizi zisiguse sahani yake kabisa:

- Kitunguu na kitunguu saumu, yaani hata mabaki ya pilau na stew
- Chokoleti
- Zabibu, mbichi ama kavu
- Makadamia
- Big G na peremende zisizo na sukari
- Mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka kama sindano
- Maziwa mengi ya ng'ombe, yanamharisha
- Panadol ama dawa yoyote yako

Utajuaje anakua?

Mzani. Wale wasee wa kupima uzito kando ya stage wanachukua pesa kidogo. Panda peke yako, halafu panda ukimbeba, toa. Andika kwa simu kila wiki. Papi anayekua lazima aongeze. Wiki ikiisha uzito uko pale pale ama umeshuka, rudi kwa daktari, hata kama anaonekana sawa.

Mpapase mbavu pia. Uzisikie na vidole bila kufinya sana, lakini usizihesabu ukiwa mbali.

Na hii ndio ingeokoa wa kwanza

Chanjo ya parvo na distempa inaanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu ama nne mpaka afike wiki 16. Moja haitoshi. Ya kichaa cha mbwa inakuja akifika miezi mitatu. Muuzaji akikuambia amechanjwa, mwambie akuonyeshe kadi yenye tarehe na sahihi. Hakuna kadi, hajachanjwa. Na hakikisha anayemdunga amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Si kila mtu anauza dawa kwa agroveti ni daktari.

Kaduda saa hii ako na miezi saba, anakula mara mbili, anamaliza kwa dakika tatu. Bado akisikia soja akifungua githeri anaenda kukaa hapo mbele yake, lakini soja amekuwa mgumu kuniliko.

Kama unasoma hii na papi wako amelala kando ya sahani imejaa, weka simu chini. Mwite. Asipoinuka, muangalie fizi uanze kutafuta boda.