Mizani ya Mtoto na Kikao cha Kijiji: Somo la Iringa

Umaskini wa mtoto unapimwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kinashikwa na nani? Wengi hudhani hilo ni swali la wataalamu. Sisi tunasema ni swali la siasa, na historia yetu wenyewe inathibitisha.

Mkoa wa Iringa ulihesabiwa miongoni mwa mikoa minne iliyolilisha Taifa kwa mahindi. Kwa kipimo cha tani, mkoa ulikuwa umeshiba. Lakini mwaka 1983 Serikali, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na fedha kutoka Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto wa chini ya miaka mitano walipopimwa, zaidi ya nusu yao walikuwa na uzito pungufu. Ghala limejaa na mtoto ana njaa: huo ndio mgongano uliofichwa na hesabu ya magunia.

Watoto walipimwa kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji. Kwa nini kadi ya mtoto huyu imeingia kwenye rangi nyekundu? Majibu yalifichua hali halisi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, kisha kuni, kisha maji. Mtoto analishwa mara mbili kwa siku, na tumbo lake dogo haliwezi kubeba ugali wa kumtosha. Hivyo mzigo wa mwanamke, uliodhaniwa kuwa jambo la nyumbani, ukawa ajenda ya kikao. Vituo vya kulelea watoto vilianzishwa na milo ikaongezwa. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka kama asilimia 6 hadi kama asilimia 2.

Hata hivyo tusijidanganye. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 57 ya watoto wa Iringa wamedumaa, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote. Wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 30. Ushindi usiolindwa hupotea. Aidha, taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF ya mwaka 2016 ilionyesha kuwa kwa kipimo cha fedha watoto maskini nchini ni asilimia 29. Yalipohesabiwa pia mahitaji kama lishe, afya, elimu, maji na makazi, idadi ilifika asilimia 74. Kipimo cha fedha peke yake kinawaacha wengi gizani.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, apimwe mtoto mwenyewe, siyo mavuno ya baba yake. Pili, takwimu zirudi kwa wale walio na uwezo wa kubadili maisha yake. Kada anayepeleka takwimu wilayani bila kuzirudisha kijijini amefanya kazi ya ukarani. Kwa hiyo tunapofika kijijini, tusiulize magunia tu. Tuombe daftari la uzito wa watoto, na tuulize lilisomwa lini mbele ya kikao.