C ya Hesabu

Jumapili nilipigiwa simu kutoka Katesh, Hanang. Ni mdogo wangu, yuko kidato cha nne. "Kaka, nimeamua kuachana na hesabu. Nitasoma HGL, halafu chuo nichukue biashara."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2012, kwenye shule ya kata huko Mbulu ambako tulikaa miezi mingi bila mwalimu wa hesabu.

Jamani, mlango wa chuo kikuu umebadilishwa kufuli mara nyingi. Wakati wa mkoloni, wazee wetu walifanya mtihani wa Cambridge. Aliyepata alama nzuri katika masomo yaliyotakiwa alisamehewa mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London. Hata chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza chini ya London hiyo hiyo.

Mwaka 1973 tukaanzisha Baraza la Mitihani letu wenyewe. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma: ukimaliza kidato cha sita huendi chuo moja kwa moja. Unapita JKT, unafanya kazi, kisha mwajiri na tawi la TANU wakupendekeze. Baadaye wasichana wakasamehewa, na mwisho sharti lenyewe likafa.

Leo kuna TCU, iliyoundwa mwaka 2005, na kitabu chake cha mwongozo wa udahili. Soma shahada za uchumi na biashara. Nyingi zinasema hivi: kama hukufaulu hisabati kidato cha sita, uwe na alama nzuri ya kidato cha nne. Yaani C ile ya kijijini ndiyo inayokusamehe.

Mimi nilikuwa na F. Matokeo yetu yalipotoka Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 walipata sifuri nchi nzima. Serikali ikayafuta, ikapanga upya alama. Division yangu ilipanda, nikaenda HGL. F ya hesabu ilibaki pale pale. Miaka miwili baadaye nikafungua ule mwongozo na kukuta biashara imeshafungwa tangu nikiwa na miaka 17. Ndiyo maana mnanisoma hapa!

Sijutii uandishi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyenionyesha ukurasa ule mapema.

Mdogo wangu nimemsomea kwenye simu, mstari kwa mstari. Akauliza, "Kwa hiyo C inatosha?" Nikamwambia kwa shahada anayoitaka, inatosha. Mtihani ni Novemba. Kila Jumamosi jioni nampigia, tunaanza na milinganyo.

Wewe je, nani alikuonyesha?