Maua yaliyotoka tanuruni

Chombo cha maua kazi yake ni kushika maua. Vilivyotoka katika tanuru za Corona, eneo la Queens jijini New York, mwishoni mwa karne ya 19 havikuhitaji kutiwa ua lolote, maana vyenyewe vilikuwa maua: kitako cha duara, shina jembamba refu, na juu mdomo uliochanua. Kuvitia waridi, kwa maoni yangu, ni kuviharibu.

Mwenye tanuru hizo alikuwa Louis Comfort Tiffany, aliyezaliwa mwaka 1848. Baba yake ndiye mwanzilishi wa duka la vito la Tiffany & Co., kwa hiyo kijana hakuanza kwa kubangaiza. Alianzia kwenye uchoraji, akaingia kwenye madirisha ya vioo vya rangi, kisha akamwajiri Mwingereza Arthur Nash asimamie tanuru. Mwaka 1894 kioo chao kilisajiliwa kwa jina la Favrile.

Kazi yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akapuliza huku akilizungusha, maana akisita tu kioo kinaning'inia upande mmoja. Nyuzi za kioo cha rangi nyingine zilizungushiwa juu yake, zikavutwa kwa kulabu hadi zikawa mishipa ya petali. Kisha chombo kilishikizwa fimbo kwenye kitako, kikakatwa kutoka kwenye bomba na kurudishwa motoni, na mdomo ukafunguliwa. Kikipoa haraka, kinapasuka.

Ule mng'ao unaobadilika rangi kila ukikigeuza chombo una asili ya mbali. Tiffany alivutiwa na vioo vya Warumi vilivyofukuliwa ardhini, ambavyo udongo ulikuwa umevitafuna kwa karne nyingi hadi vikameremeta kama upinde wa mvua. Yeye hakuwa na karne za kungoja. Kioo kikiwa bado cha moto kilipuliziwa chumvi za metali, zikaacha utando mwembamba juu yake.

Ulaya ilimjua kupitia Siegfried Bing, aliyefungua duka lake la sanaa Paris mwaka 1895. Mwaka uliofuata tajiri wa sukari Henry Havemeyer alilizawadia jumba la makumbusho la Metropolitan vyombo kadhaa vya Favrile. Lakini mitindo haina rafiki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu walitaka mistari iliyonyooka. Mwaka 1932 kampuni ya vioo ya Tiffany ilifilisika, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Jumba lake la Laurelton Hall liliungua mwaka 1957. Vingi kati ya vilivyookolewa vipo leo katika makumbusho ya Morse, Winter Park, jimbo la Florida.

Chini ya vyombo vingi zimechorwa herufi L.C.T. Tiffany hakuwa mpulizaji. Sifa ya ubunifu ni yake kwa haki, lakini pumzi iliyoyachanua maua hayo ilikuwa ya mafundi wa Corona, na makumbusho yanayoyaonyesha yangetenda haki kuyaandika na majina yao.