Urefu wa Neno na Mipaka Yake: Mifano ya Migori na Homa Bay

Msomaji anayekutana na umbo la Kijapani kama tabesaserarenakatta huelekea kustaajabu. Mwenye Kiswahili hana sababu ya kustaajabu. Hakulishwa lina viungo vilevile: mzizi wa kula, kauli ya kutendesha, kauli ya kutendwa, ukanushi na wakati uliopita. Kijapani huvipanga vyote nyuma ya mzizi. Kiswahili huugawa mzigo huo mbele na nyuma. Aidha, Wajapani kwa desturi huandika pasi na kuacha nafasi baina ya maneno, hivyo urefu huo ni hesabu ya mwanaisimu zaidi kuliko ya mwandishi wao. Hata miongoni mwa lugha za Kibantu, Kizulu huunganisha viambishi na kitenzi ilhali Kisotho huvitenga, na sarufi zao zinakaribiana sana.

Kusini mwa Nyanza suala hili lina historia yenye uchungu. Huko Kikuria na Kisuba, ambazo ni lugha za Kibantu, zinapakana na Kijaluo, lugha ya Kiniloti. Pale Kiswahili kisemapo sitakwenda, Kijaluo huandikwa ok anadhi, kikanushi kikisimama peke yake. (Kijaluo nacho huambatisha nafsi kwenye kitenzi, si haki kukiita lugha ya maneno mafupi.) Wasuba wengi wa Homa Bay walihamia Kijaluo, mchakato ulioelezwa na Rottland na Okoth Okombo mwaka 1992. Ndoa na ujirani vilichangia, na kanisa na shule vikauongezea kasi: misheni ya Waadventista iliyoanzishwa Gendia mwaka 1906 ilihubiri na kufundisha kwa Kijaluo. Aliyehama hakuacha msamiati pekee. Aliacha pia mfumo wa ngeli, na upatanisho wake unaoifunga sentensi nzima.

Kikuria, upande wa Migori, kimesalia imara, na ndicho kinachotoa ushahidi mzito zaidi. Katika lugha hii toni ya juu huwekwa kwa kuhesabu mora za shina la kitenzi: kwa kutegemea njeo, huanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Kitenzi kirefu, basi, si pambo. Ndicho uwanja wa hesabu hiyo. Lakini je, shina likiwa fupi, lisifikie mora nne? Marlo, Mwita na Paster, katika makala yao ya mwaka 2015, wanajadili hali hiyo: hesabu haikomi, bali huvuka mwisho wa kitenzi na toni ikatua kwenye yambwa inayofuata. Nafasi nyeupe ambayo mwandishi ameiacha kwenye ukurasa haitambuliwi na sauti ya msemaji. Anayekusanya leo maneno ya Kisuba kwa wazee wa Mfangano, akiyaorodhesha moja moja kama ya kamusi, huenda anayakata mahali ambapo lugha yenyewe haikukata.